Akina O'Connor wa Kaskazini mwa Kerry

Jumapili, 12 Januari 2025, Dublin

Wanangu wanaitwa O'Connor, na mwaka huu nataka kujua ni O'Connor wa wapi. Kwetu Mombasa mtu akishataja kabila lake anaulizwa ni wa mlango gani, ndipo mazungumzo yaanze. Hapa wengi wakisikia jina hili wanaridhika nalo, wakidhani wote walioitwa hivyo ni wa baba mmoja. Jioni yote nimekuwa na kitabu cha Edward MacLysaght kuhusu koo za Ireland, kile cha 1957. Mzee huyo aliwahi kuwa Mkuu wa Nembo wa nchi hii, na anaeleza bila kuzunguka kwamba jina hili lilizuka mahali mbalimbali, kwa watu wasio na undugu.

Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Conchobhar lilikuwa jina la mtu, tena la kawaida kabisa. Ó ni mjukuu au mzao. Kuanzia karne ya 10 familia za watawala zilianza kushika jina la babu mmoja na kulifanya la kudumu. Kwa hiyo palipokuwa na Conchobhar mwenye nguvu, wazao wake wakawa Ó Conchobhair. Wa Connacht wanatokana na mfalme Conchobhar aliyefariki mwaka 973. Wa Offaly walikuwa na Conchobhar wao. Wa Kerry vilevile, na wa Corcomroe huko Clare. Kaskazini, katika bonde la Glengiven kaunti ya Derry, walikuwepo wengine ambao karne ya 12 walizidiwa nguvu na akina O'Kane. Wa Kerry na wa Corcomroe wanakutana juu kabisa, kwa Fergus mac Róich, lakini huyo ni mtu wa hekaya.

Milango mitano basi, na hapo sijagusa matawi ya kila mlango.

Alhamisi, 16 Januari

Nimepita Maktaba ya Taifa, Kildare Street, baada ya kutoka kazini. Nilitaka kuulizia ngao iliyotundikwa sebuleni kwa baba mkwe kule Listowel: mti wa mwaloni wa kijani juu ya rangi ya fedha, na chini yake jina O'Connor kwa herufi za Kigaeli. Mti huo ni wa akina O'Conor Don wa Connacht. Nembo ya O'Connor wa Kerry ni simba wa dhahabu mwenye taji na mkia wa panda mbili, juu ya kijani. Na kisheria nembo hupewa mtu, haipewi jina. Ofisi inayozitoa ilianzishwa 1552 chini ya taji la Uingereza, ikaingia mikononi mwa serikali ya Ireland mwaka 1943, na utaratibu wake ni huo huo hadi leo: anayeruhusiwa kuitumia ni aliyepewa pamoja na wazao wake. Maduka ya watalii huuza ngao kwa kila mwenye jina, na nyumba nyingi za watu wema zimepambwa kwa nembo za familia nyingine.

Sitamwambia baba mkwe aishushe. Ila wanangu nitawaambia mti ule ni wa nani.

Jumamosi, 25 Januari

Baba mkwe amepiga simu na tumezungumza muda mrefu. Anasema aliambiwa na baba yake kwamba wao ni wa Rory O'Connor, Mfalme Mkuu wa mwisho wa Ireland. Alivyolisema jambo hilo, nilisikia kabisa kwamba ni amana aliyokabidhiwa. Nimeona niisome habari ya Rory kwa heshima inayostahili, kabla ya kusema lolote.

Baba yake Rory, Toirdhealbhach, aliishi kati ya 1088 na 1156, akaijenga Connacht kwa ngome, madaraja na merikebu. Msalaba wa Cong, ambao sasa uko kwenye makumbusho ya taifa, ulitengenezwa kwa amri yake mnamo 1123. Rory alitwaa ufalme mkuu mwaka 1166. Miaka mitatu baadaye wakaja Wanormani, na mwaka 1175 akakubaliana na Henry II kwa mkataba wa Windsor, yeye abaki mfalme wa Connacht na msimamizi wa wafalme wengine chini ya Henry. Mkataba haukudumu. Alimalizia maisha yake kwenye nyumba ya watawa ya Cong, akafariki 1198, akazikwa Clonmacnoise. Ufalme wa Connacht ukamwangukia ndugu yake, Cathal Crobhdhearg, yaani Cathal wa mkono mwekundu, aliyefariki 1224, na ni wazao wa Cathal walioendelea kutawala. Mwaka 1384 wakagawanyika: O'Conor Don, wa rangi ya kahawia, na O'Conor Roe, wekundu. Akina O'Conor Sligo nao ni tawi jingine, la Brian Luighneach, mwana mwingine wa Toirdhealbhach.

Yote haya yanajulikana kwa sababu yaliandikwa, na yaliandikwa kwa sababu yalikuwa na thamani. Nasaba ilikuwa hati ya ardhi na hati ya kiti. Akina Ó Maolchonaire walikuwa wanahistoria wa kurithi wa wafalme wa Connacht, baba akimrithisha mwana kazi ya kukumbuka nani ni mwana wa nani. Mwaka 1650 hivi, utaratibu wote huo ukiwa unabomoka, Dubhaltach Mac Fhirbhisigh alikaa Galway akakusanya nasaba za nchi nzima katika kitabu kimoja kikubwa. Karne iliyofuata, sheria zilipowabana Wakatoliki, Charles O'Conor wa Belanagare (1710–1791) aliendelea kukusanya hati za kale. Karatasi za familia hiyo ziko katika nyumba ya Clonalis, Castlerea, na mlango huo unaweza kuhesabu mababu bila kukatika hadi mfalme wa 973. Ni familia chache sana Ulaya zinazoweza.

Lakini mkulima aliyelipa kodi ya ng'ombe hakuwahi kuandikiwa nasaba na mtu yeyote. Nikiona mtu amemuunganisha babu yake wa 1850 na mfalme wa 1198, natafuta miaka 650 iliyo katikati. Kwa kawaida haipo. Na familia ya baba mkwe haijawahi kukaa Roscommon. Kila mtu tunayemjua ni wa Kerry ya kaskazini.

Jumanne, 4 Februari

Kila anayetafuta mababu wa Ireland hujikwaa kwenye tarehe 30 Juni 1922. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza siku mbili tu kabla, na jengo la Four Courts hapa Dublin lililipuka pamoja na hazina ya kumbukumbu za taifa. Karatasi zilipeperuka hadi ng'ambo ya mji. Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 ziliteketea, isipokuwa vipande. Za 1861 na 1871 serikali ilikuwa imeshaziharibu, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Zaidi ya nusu ya rejista za Kanisa la Ireland, la Kianglikana, zilipotea humo.

Rejista za Kikatoliki zilinusurika kwa kuwa hazikuwa za serikali. Zilibaki kwenye makabati ya maparokia. Maktaba ya Taifa ilizipiga picha, na tangu 2015 mtu yeyote anazisoma bure kwenye intaneti. Watu ambao sheria iliwasukuma pembeni wamebaki na kumbukumbu zao.

Jumapili, 9 Februari

Leo nimewaona. Sensa ya 31 Machi 1901 na ya 2 Aprili 1911, fomu zenyewe, zilizokusanywa na polisi nyumba kwa nyumba.

Mwaka 1901 jina limeandikwa Connor. Mwaka 1911, nyumba ile ile, watu wale wale, limekuwa O'Connor. Karne ya 17 na ya 18, utawala wa Kiingereza ulipotawala kila ofisi, watu wengi waliliacha lile Ó. Mwishoni mwa karne ya 19, lugha ya Kigaeli ilipoanza kupiganiwa, na chama cha Gaelic League kikiwa kimeanzishwa 1893, walianza kulirudisha. Ripoti ya Robert Matheson kuhusu majina, iliyotumia vizazi vya 1890, inalipanga jina hili chini ya Connor, la 9 kwa wingi nchini, kwa makadirio ya watu 31,200. Kwa hiyo anayetafuta O'Connor kwenye karatasi za 1850 asipoangalia Connor, Conner na Connors, atatoka mikono mitupu.

Nyumba yenyewe: mwenye nyumba, miaka 33, mkulima, anajua kusoma na kuandika. Mkewe. Watoto. Dada zake wawili, wa miaka 22 na 19. Na mama yake, mjane. Huyu mjane ndiye aliyenishika. Safu ya elimu: hajui kusoma. Safu ya lugha: Kigaeli na Kiingereza. Wajukuu wake, safu hiyo iko tupu. Mwaka 1901 ana miaka 58. Mwaka 1911 ana miaka 72. Katikati ilipitishwa sheria ya pensheni ya uzeeni ya 1908, iliyowalipa waliofika miaka 70. Walikuwa wengi Ireland waliozeeka haraka miaka hiyo, na hapakuwa na vyeti vya kuwapinga, maana uandikishaji wa vizazi vya watu wote ulianza 1864 tu. Namwonea fahari bibi huyu. Alizaliwa kabla ya njaa, akaishi hadi serikali ikamlipa.

Fomu ya 1911 inamuuliza pia mke wa mwenye nyumba amezaa watoto wangapi wakiwa hai na wangapi wako hai sasa. Tisa. Saba. Baba yake baba mkwe ni miongoni mwa saba hao, ana miaka 3.

Mistari ya wale dada wawili haipo tena.

Jumatano, 19 Februari

Kwa miaka ya kabla ya 1864, badala ya sensa tunatumia uthamini wa Richard Griffith, uliofanywa kati ya 1847 na 1864 ili kutoza kodi ya majumba na ardhi. Kila kitongoji, kila mpangaji, ekari zake, mwenye kumpangisha, na thamani ya nyumba kwa shilingi.

Kitongoji ndicho ufunguo wa utafiti wote huu. Kuna vitongoji zaidi ya 60,000 Ireland, vingine shamba moja tu, na bila jina la kitongoji utafiti wa Connor wa Kerry ni kupiga mbizi gizani. Katika kitongoji chao nimewakuta Connor watano, na wawili wana jina la ubatizo moja. Karani ametofautisha: mmoja amewekewa jina la baba yake kwenye mabano, mwingine neno la rangi, mwekundu, yaani wa nywele nyekundu. Karani hakulitunga. Aliandika kile alichosikia majirani wakisema.

Kila mmoja wao ni mpangaji. Tarafa yao inaitwa Iraghticonnor, nchi ya akina O'Connor, na humo ndani akina O'Connor wanalipa kodi ya kukaa.

Jumamosi, 8 Machi, Listowel

Tumekuja na watoto. Asubuhi baba mkwe ametupeleka Ballylongford, tukashuka hadi Carrigafoyle, ngome ya akina O'Connor Kerry, ukingoni mwa mto Shannon unapokaribia bahari. Walikuwa wakizitoza meli ushuru hapa.

Mnara bado umesimama, lakini upande mmoja umepasuliwa kuanzia juu hadi chini, na unaona vyumba vya ndani vimekatwa wazi, sakafu juu ya sakafu. Hiyo ni kazi ya mizinga ya Sir William Pelham, Machi 1580, wakati wa uasi wa Desmond. Ndani walikuwemo Waayalandi kiasi cha 50 na Wahispania 16, chini ya fundi wa vita Mwitaliano. Walionusurika na mizinga walinyongwa. Mwanangu mdogo alitia mkono kwenye ufa, akauliza mawe yalikwenda wapi. Babu yake akamjibu kwamba yako kwenye kuta za mashamba yote tuliyoyapita njiani.

Baada ya vita vya karne ile na iliyofuata, ukoo wa watawala ulinyang'anywa ardhi, na sehemu kubwa ya nchi hii ikawa mali ya Trinity College, Dublin. Chuo kilikodisha kwa watu wa kati, na hao wakakodisha tena kwa wakulima, kila ngazi ikiongeza kodi. Chuo hicho nakipita kila siku nikienda kazini. Sikuwa nimewahi kukifikiria kama mwenye nyumba wa babu zao.

Jioni nimemwonyesha baba mkwe karatasi ya Griffith. Akaisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, kikasimama penye lile neno la rangi. Akasema wazee wa kijiji walimwita baba yake Connor mwekundu hata alipokuwa na mvi, na nyumba ya jirani waliitwa kwa jina la babu yao. Ndivyo walivyotenganishwa shuleni, kanisani na sokoni. Hakuwahi kunitajia kwa sababu, kasema, lile ni jina la kijijini tu.

Mimi naona lina uzito kuliko la mfalme. Limebebwa na vinywa vya majirani tangu miaka ya 1850 hadi mezani kwake, bila mwanahistoria wa kurithi wala ngome.

Jumamosi, 22 Machi

Makumbusho ya taifa. Msalaba wa Lislaughtin, ambao mkulima mmoja aliuibua ardhini akilima karibu na Ballylongford mwaka 1871. Ni msalaba wa maandamano wa fedha iliyopakwa dhahabu. Mbavu za Kristo zimechongwa moja moja, na kando zake zina kazi ya matundu matundu, nyembamba kama ukili. Maandishi ya Kilatini yanamtaja aliyeagiza, Cornelius mwana wa John O'Connor, mkuu wa watu wake, pamoja na Avlina mkewe, na fundi aliyeutengeneza, William, na mwaka, 1479. John ndiye aliyewajengea Wafransisko nyumba yao Lislaughtin.

Cornelius ni Conchobhar, akiwa katika vazi la Kilatini. Nimekaa mbele ya kioo muda mrefu. Hawa ni O'Connor wa pale pale, na kama wanangu wana damu ya watawala wowote, basi labda ni hawa. Lakini wakulima waliokaa chini ya mkuu nao waliweza kushika jina lake. Siwezi kuuruka ufa huo, na sitauruka.

Ijumaa, 4 Aprili

Rejista ya ubatizo ya parokia. Kilatini kilichofupishwa, wino uliofifia, mwandiko wa padre aliyekuwa na haraka. Cornelius, Cornelius, Cornelius. Hapa mila ya kupanga majina ndiyo iliyonisaidia: mwana wa kwanza huitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama. Mimi ambaye mama yangu ni Mkikuyu sikuhitaji kufafanuliwa. Ukipata watoto wa familia moja kwa mpangilio, unaweza kukisia jina la babu, kisha unakwenda kulithibitisha kwa wasimamizi wa ubatizo, ambao mara nyingi ni ndugu, na kwa jina la kitongoji pembeni. Kwa njia hiyo nimempata yule mwekundu wa Griffith akisimamia ubatizo wa mtoto wa kaka yake, na baba yao nimempata akiwa baba kwenye ukurasa wa miaka ya 1820. Juu ya hapo rejista yenyewe haipo.

Kisha miaka ya njaa. Kabla yake kurasa zimejaa, mistari imebanana. Kuanzia 1847 ubatizo unapungua, ukurasa mmoja unatosha miezi. Ireland ilikuwa na watu milioni 8.2 mwaka 1841; mwaka 1851 ilibaki na milioni 6.6. Familia mbili kati ya zile za Connor za kitongoji hiki sikuziona tena kwenye karatasi yoyote. Nimeyaandika majina yao yote kwenye daftari langu, pamoja na watoto.

Jumapili, 27 Aprili

Nimemaliza kuchora mti wa ukoo kwa ajili ya watoto. Shina linaanzia miaka ya 1820, katika kitongoji kimoja cha Iraghticonnor. Juu yake sikuweka mfalme. Pembeni nimeandika kwa mkono: mlango wa Kerry, wanaoitwa wekundu, na chini yake nimechora simba mdogo kwa penseli, nikaeleza kwamba ni nembo ya wakuu wa nchi yao. Baba mkwe ameomba nakala mbili. Ya pili anampelekea mwenye shamba la jirani, wa ile nyumba nyingine ya Connor, ambaye naye anasema ana karatasi za mama yake kwenye sanduku.

Sensa ya 18 Aprili 1926, ya kwanza ya taifa huru, itafunguliwa mwakani ikitimiza miaka 100. Baba yake baba mkwe atakuwemo, kijana wa miaka 18.

Kabla ya hapo kuna wale dada wawili wa 1901. Orodha za meli zilizoingia New York baada ya mwaka huo zina safu inayouliza unakwenda kwa nani, jina na anwani. Wakiwemo, nitajua nani wa ukoo aliwatangulia Marekani. Naanza na meli zilizotoka Queenstown masika ya 1901, Connor bila Ó.